Sarafu za Shaba Kabatini Mwangu

Ukiingia chumbani mwangu hapa Birmingham, Uingereza, utaona kabati dogo la mbao lenye droo kumi na mbili. Wageni hudhani nimeweka nyuzi na sindano. Kumbe ndani mna sarafu za shaba, mia moja na arobaini na tatu, na hakuna hata moja iwezayo kununua kiberiti dukani. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyemjua atoaye pesa nzuri ili apate pesa mbovu.

Mimi ni mwuguzi mstaafu. Nilizaliwa mwaka 1949 katika kambi ya katani wilayani Muheza, nikaja huku mwaka 1971 kujifunza uuguzi, nikaolewa huku, na nimezeekea huku. Nataka nikusimulie habari za sarafu hizi, na hasa habari ya moja, ambayo imeniletea maneno na ndugu yangu.

Sarafu hizi si za mfalme wala za serikali. Ni za wenye migodi, wenye viwanda na wenye maduka. Waingereza huziita tokeni. Usizichanganye na tokeni za umeme ambazo siku hizi watu wetu hununua kwa simu, ingawa ukifikiri vizuri ni ndugu: zote mbili ni ahadi ya mtu kwamba utapata kitu ulichokwisha kulipia, ama kwa fedha, ama kwa jasho.

Habari yenyewe ni hivi. Katika karne ya 18 viwanda vilikuwa vikifumuka Uingereza kama uyoga baada ya mvua. Watu walitoka mashambani wakaingia migodini na viwandani, na kila Jumamosi walitaka mshahara. Mshahara wa mtu maskini haulipwi kwa dhahabu. Unalipwa kwa peni na nusu peni. Lakini Kiwanda cha Sarafu cha Serikali, kilichokuwa ndani ya ngome ya Tower huko London, hakikuijali shaba. Kazi yake ya heshima ilikuwa dhahabu na fedha. Baada ya mwaka 1775 kikaacha kabisa kupiga nusu peni za shaba, na zile zilizokuwa zikizunguka sokoni nyingi zilikuwa za kughushi, nyepesi, tena nyingi zilitengenezwa hapa hapa Birmingham. (Mji huu una mikono hodari, kwa mema na kwa mabaya.) Basi tajiri mwenye wafanyakazi mia tano afanye nini siku ya Jumamosi?

Jibu lilitoka katika kisiwa cha Anglesey, upande wa Wales. Huko kuna mlima uitwao Parys, na mwaka 1768 wachimbaji walipata humo shaba nyingi ajabu. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi huo ikaanza kupiga peni zake yenyewe. Peni moja ilikuwa na uzito wa aunsi moja, yaani karibu gramu 28, shaba halisi isiyo na hila. Upande mmoja kuna kichwa cha mzee mwenye ndevu, amefunika kichwa kwa nguo, na kumzunguka kuna shada la majani ya mwaloni. Huyo ni Druid, yaani kuhani wa Wales wa siku za kabla ya Ukristo. Upande wa pili kuna herufi za jina la kampuni zilizosukwa pamoja, na maneno ya kuahidi kwamba mwenye kuishika atalipwa peni moja.

Peni hiyo ndiyo iliyonitia ugonjwa huu. Mwaka 1988 nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini, nikapita katika soko la vitu vikuukuu, nikamwona mzee mmoja amemwaga sarafu ndani ya sinia la chai. Nikaokota moja kwa kuwa ilikuwa nzito. Yule mzee akaniambia, “Igeuze ubavu, mama.” Nikaigeuza. Kumbe hata ukingo wake umeandikwa! Maneno yamezunguka ubavu wote, kusema kwamba malipo yatatolewa mwenye nayo atakapodai, katika London, Liverpool au Anglesey. Nikasimama pale na usingizi wangu, nikamkumbuka baba yangu.

Wewe uliyekulia karibu na mashamba ya katani unakijua kipande. Kwa vijana ambao hawakukiona: kilikuwa kadi yenye vyumba vya siku thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, karani anaweka alama. Chumba kikiwa kitupu, siku hiyo haikuwapo, hata kama uliamka alfajiri ukaenda. Mpaka vyumba vyote thelathini vijae ndipo ulipwe. Mwezi haujaisha lakini tumbo haliwezi kungoja, kwa hiyo mama alichukua unga na mafuta ya taa katika duka la kambi, akionyesha kipande cha baba. Duka lile lilikikubali. Ukikipeleka Tanga mjini ni karatasi tu. Mwaka mmoja baba aliugua homa siku ya ishirini na sita, akalala wiki mbili. Alama ishirini na sita zilikuwa zimekwisha kuandikwa, jasho limekwisha kutoka, lakini kipande hakijajaa. Tuliishi kwa deni, na bei ya unga katika duka lile ilijua kwamba hatuna duka jingine.

Nikamlipa yule mzee pauni mbili, nikarudi nyumbani na peni yangu.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo wakusanyaji wenzangu wakilisikia hushika vichwa. Peni ilikuwa nyeusi. Mama yangu alinifundisha kwamba sufuria ya shaba husafishwa kwa ndimu na majivu, na msichana mwenye adabu haachi shaba iwe nyeusi. Nikasugua kwa ndimu na chumvi mpaka mzee wa Druid akang'aa kama jua la asubuhi. Nikaipeleka kwa muuza sarafu mmoja nikiwa na fahari. Akaitazama kwa kioo chake, akavua miwani, akaniuliza kwa upole, “Mama, umeiosha?” Basi nikajua. Ule weusi ulikuwa ngozi yake ya miaka mia mbili. Ukiondoa ngozi, hairudi. Peni ambayo ingefika pauni thelathini ikawa ya pauni nne. Ninayo bado, iko droo ya kwanza, nayo imeanza kuwa nyeusi tena, lakini kwa mabaka. Kama una sarafu kuukuu za babu yako, nakuomba, usizisugue.

Baada ya peni za Parys mambo yalienea upesi. Mwaka ule ule wa 1787 tajiri wa chuma John Wilkinson akapiga tokeni zake na kuweka sura yake mwenyewe mahali pa sura ya mfalme, na jina lake likizunguka. Watu walimcheka kwa majivuno hayo. Lakini upande wa pili aliweka picha ya nyundo kubwa ya kiwandani, na ukingoni majina ya viwanda vyake, na wafanyakazi wake wakanunua mkate kwa sura ya tajiri wao. Sijui kama ningependa kuiona sura ya meneja wa kambi yetu kila ninaponunua chumvi.

Kufika mwaka 1795 karibu kila mji ulikuwa na nusu peni zake, na hapo ndipo utamu wa kukusanya ulipo, maana picha zake hazina mfano. Ninayo ya Coalbrookdale ya mwaka 1792 yenye daraja la chuma juu ya mto Severn, daraja kubwa la kwanza la chuma duniani, ambalo bado limesimama. Nilikwenda kulitazama nikiwa na sarafu mfukoni, nikailinganisha. Mchoraji hakudanganya. Ninayo ya Coventry ya mwaka huo huo, yenye Bibi Godiva juu ya farasi, ambaye masimulizi yanasema alipita mjini bila nguo ili mumewe awapunguzie watu kodi. Hiyo nimeiweka droo ya chini kabisa. Upande wake wa pili ni tembo amebeba ngome mgongoni, na nikiwa na wageni wa kanisani huonyesha upande wa tembo.

Wapo walioziona ni biashara. Kwa kuwa watu walianza kuzikusanya wakati ule ule, watengenezaji wakagundua kwamba mkusanyaji atanunua chochote asichokuwa nacho. Basi wakachukua muhuri wa mbele wa sarafu ya mji huu na muhuri wa nyuma wa sarafu ya mji ule, wakapiga sarafu isiyo na baba wala mama. Wakusanyaji huziita nyumbu, yaani mtoto wa punda na farasi. Nimenunua nyumbu watatu kwa kutojua. James Conder wa Ipswich, aliyekuwa muuza nguo, alichapisha orodha ya tokeni hizi mwaka 1798, na mpaka leo watu wengi huziita kwa jina lake. Orodha tuitumiayo sasa ni ya Dalton na Hamer, iliyotolewa mwanzoni mwa karne ya 20, na kila mkusanyaji hutaja sarafu zake kwa jina la jimbo na namba, kama wakunga wanavyotaja vitanda.

Aliyeziua tokeni ni Matthew Boulton, mtu wa mji huu. Kiwanda chake kilikuwa Soho, na nyumba yake ingalipo huko Handsworth, imekuwa makumbusho. Nimekaa Handsworth miaka kumi na tisa na kila siku basi langu lilipita karibu nayo. Boulton na mwenzake James Watt walikuwa wakiuza mashine za mvuke, naye akafikiri: kama mvuke waweza kuvuta maji mgodini, waweza kupiga sarafu. Alipiga tokeni nyingi za watu wengine, lakini nia yake ilikuwa kupata kazi ya serikali, akaipata mwaka 1797. Akapiga peni ya aunsi moja na sarafu ya peni mbili ya aunsi mbili, zenye ukingo mpana, hata watu wakaziita magurudumu ya mkokoteni. Ukiwa na kumi za peni mbili mfukoni suruali inashuka. Shaba ilipoadimika tena, tokeni zilirudi mwaka 1811, nazo ndizo ngumu kuzitazama. Miongoni mwake mna peni ya Nyumba ya Maskini ya Birmingham, ambayo picha yake ni jengo lenyewe walimofungiwa wasio na kitu. Mwaka 1817 Bunge likatunga sheria ya kuzikomesha.

Mashine za Boulton ziliuzwa mnadani mwaka 1850, zikanunuliwa na Ralph Heaton wa mji huu huu. Tafuta senti za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati. Baadhi yake zina herufi ndogo H. Hiyo ni Heaton. Hata rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 ina H hiyo. Basi senti tulizotunga katika uzi tukiwa watoto zilitoka umbali wa safari ya basi kutoka hapa nilipo, na mimi sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2003.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwenye nguvu kuliko wote katika shaba ya Anglesey alikuwa wakili mmoja, Thomas Williams. Watu wa kisiwa walimpenda, wakampa jina la utani kwa Kiwelishi lenye maana ya Tom mwenye haki. Nami nilimpenda, kwa ajili ya ile peni nzito isiyo na hila. Lakini ukikusanya kitu miaka mingi, mwisho unasoma pia yale usiyoyatafuta. Viwanda vyake vilifua bangili na vyombo vya shaba vya kupelekwa Afrika Magharibi, na huko bangili hizo zilinunua watu. Mwaka 1788, Bunge lilipokuwa likijadili kuibana biashara ya utumwa, Williams alipeleka ombi la kupinga, maana yeye na wenzake walikuwa wametia mali nyingi katika bidhaa hizo. Tom mwenye haki! Shaba ya mlima ule ule, mwaka ule ule au unaofuata: huku inamwahidi mfanyakazi peni yake, kule inamnunua mtoto wa mtu.

Na wakati huo huo, katika miaka ya 1790, ilitoka nusu peni ya namna nyingine. Upande mmoja kuna mtu mweusi amepiga goti, mikono yake imefungwa minyororo, ameiinua, na maneno yanayomzunguka yanauliza kama yeye si mtu, tena ndugu. Picha hiyo ilikuwa alama ya chama cha kupinga biashara ya utumwa kilichoanzishwa London mwaka 1787. Upande wa pili ni mikono miwili inashikana, na maombi kwamba utumwa na uonevu ukome duniani kote.

Nilingoja miaka mingi kabla ya kuinunua. Nilikuwa nikiiona minadani nafumba macho. Miaka sita iliyopita niliipata moja iliyochakaa, yenye tundu juu ya kichwa cha yule mtu, na kwa sababu ya tundu bei yake ilikuwa pauni themanini na tano. Muuzaji aliniomba radhi kwa tundu lile. Mimi ndilo lililonivuta. Mtu fulani aliitia uzi akaivaa shingoni.

Nikaiweka droo ya sita. Mwaka jana mjukuu wangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa akinisaidia kuandika bahasha, maana kila sarafu ina bahasha yake ndogo ya karatasi: jimbo, namba, uzito, bei. Akaishika ile, akauliza, “Bibi, huyu ni nani?”

Nikasema, “Mtu wa zamani tu.”

Akaiandika bahasha, akaendelea na nyingine. Usiku sikulala.

Maana mama yake bibi yangu, mzaa baba, aliletwa kutoka upande wa Nyasa akiwa mtoto. Mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa umefunga soko la watumwa la Zanzibar na kukataza kuwasafirisha baharini, kwa hiyo wafanyabiashara waliwatembeza kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, pwani yote, mpaka Pangani. Alitembea njia hiyo miaka themanini hivi baada ya ile nusu peni kuomba utumwa ukome duniani kote. Haya sikuambiwa. Niliyasikia usiku mmoja nikiwa na miaka tisa, wazee wakidhani nimelala. Bibi mwenyewe akiulizwa ukoo wake alijibu, “Sisi watu wa Pangani,” na hapo maneno yakaisha. Wewe wa pwani unajua kwa nini. Wakati wa posa watu huulizana nani ni nani, na neno moja huvunja ndoa.

Nikampigia simu mdogo wangu aliyeko Tanga.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba.” Nikamweleza kwamba nataka kumwambia mtoto ukweli, na pengine niandike gazetini.

Alinyamaza, kisha akasema, “Dada, wewe uko mbali. Huku watu bado wanapimana. Binti yangu ana mchumba. Mambo ya wazee waachie wazee.”

Nikamjibu kwa hasira kwamba wazee ni sisi. Hatukuagana vizuri, na hakunipigia simu miezi miwili. Sikuandika. Nilikuwa na haki, lakini yeye alikuwa na binti, na haki yangu isingemlipia chochote.

Binti aliolewa mwezi wa nane. Wiki iliyofuata simu ikalia asubuhi sana. Tukasalimiana, tukasema habari za harusi, nani alikuja, nani alinuna. Kisha akasema kwamba baba mkwe ni mtu mwema, walikaa barazani usiku, na mzee yule akaanza mwenyewe kueleza kwamba bibi yake alitoka Nyasa.

“Ikawaje?” nikauliza.

“Nikamwambia na sisi.”

Akaniruhusu niandike, kwa sharti nisitaje jina la kijiji wala la ukoo, nami nimelishika. Kisha akasema, “Dada, unalijua jina lake?” Nilijua lile alilopewa Pangani na aliyemnunua, maana ndilo lililobaki katika maneno ya wazee. Mdogo wangu alijua la kwanza. Baba alimwambia siku za mwisho wake, mimi nikiwa huku zamu. Alikuwa amelishika peke yake miaka thelathini na miwili. Akanitajia herufi kwa herufi, nikaandika nyuma ya bili ya gesi.

Mjukuu alipokuja Jumamosi nilimketisha, nikatoa droo ya sita, nikamweleza yote, tangu Kilwa mpaka Pangani. Alisikiliza, akaniomba kalamu. Chini ya jimbo, namba, uzito na bei akaliandika lile jina kwenye bahasha, kisha akaniuliza kama ndilo alilopewa na mama yake, au na tajiri.

Nikamwambia, na mama yake.